Bogenvilia yako haiumwi, umeidekeza

Msomaji wetu wa Shangani, Mtwara mjini, anauliza: "Shikamoo mama. Nimehamia huku kikazi toka Arusha, huu mwaka wa pili. Nilikuja na mawaridi sita kwenye makopo, manne yameshakufa. Bogenvilia niliyonunua hapa hapa naimwagilia kila jioni, nimeitia na yuria, ina majani mazuri kweli ila ua sijaliona hata moja. Na Oktoba ndo hiyo inakuja, kwetu jakaranda zinageuza mji wote zambarau, huku mi naona vumbi na mikorosho tu. Hivi Mtwara maua yana msimu au nikubali yaishe? Na kama kuna ya porini, watoto wangu wawili niwapeleke wapi, mwezi gani?"

Marahaba mwanangu, na karibu Kusini, ingawa nimechelewa kukukaribisha maana mwaka wa pili huo ushakuwa mwenyeji. Nimecheka pale uliposema unaona vumbi na mikorosho tu, manake hapo kwenye mikorosho jibu ulikuwa umelishika mkononi ukalitupa. Ntafika huko. Tuanze na bogenvilia kwasababu naona hiyo ndo inakuuma.

Ile haina ugonjwa wowote, umeidekeza. Kwao ni Amerika ya Kusini, jina lenyewe walilipa Wafaransa waliopita Brazili miaka ya 1760 kwenye safari ya Bougainville ya kuzunguka dunia, na ni mmea ambao ukishiba unalala, ukiona njaa ndo unatoa ua. We unaupa maji kila jioni, afu unaupa yuria ambayo kazi yake ni kusukuma majani, sasa utachanua kwa shida gani? Na nahisi, hujasema ila nahisi, umeupanda karibu na mwembe au upande wa ukuta wenye kivuli. Bogenvilia inataka jua la kuunguza, masaa sita kwenda juu, jua lile ambalo we mwenyewe unakimbilia barazani.

Fanya hivi. Yuria acha kabisa. Kama iko kwenye kopo libebe ulipeleke juani leo, kama iko ardhini punguza matawi ya huo mti unaoifunika. Maji usiimwagilie mpaka uone majani yanaanza kulegea, ndo unaipa ya kutosha, halafu unaisahau tena, na ya ardhini ikishashika mizizi unaweza ukaisahau wiki mbili wala isikulaumu. Kata ncha za yale matawi marefu yaliyonyooka kama fimbo, maana ua linakuja kwenye tawi jipya. Huu ni mwezi wa tisa, ukianza leo mwisho wa Oktoba utanitafuta unishukuru. Ule mkato mkubwa, wa kuinyoa hasa, unausubiri mwezi wa tano mvua zikishakatika, inachipua, inakutana na ukavu wa Juni, Julai inawaka ukuta mzima. Na siku ikichanua waite watoto, chukua moja mpasue, muwaonyeshe kwamba hicho chekundu mnachokiita ua ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati kama kijiti cha kibiriti. Watu wanazeeka na bogenvilia mlangoni hawajawahi kukaona.

Mawaridi, pole. Manne kati ya sita kwa hapa mjini si mbaya sana, mi nimeshawahi kumaliza kumi na mbili. Shangani ni mchanga na upepo wa bahari, na visima vingi vya pwani maji yake yana chumvi, waridi halivumilii hayo hata kidogo. Usiku wa Arusha unapoa, wa huku Novemba haupoi. Hayo mawili yaliyobaki yahamishie kwenye ndoo kubwa, udongo uchanganye na samadi iliyooza vizuri, chini kabisa utandike makumbi ya nazi maana yanashika maji kama sponji, uyaweke upande wa jua la asubuhi tu, na masika ukinge maji ya mvua kwenye pipa ya kuyanywesha. Usithubutu kutandaza maganda ya korosho juu ya udongo kwasababu umeona yapo mengi na ya bure, yale yana mafuta makali yanababua mpaka ngozi ya mtu. Majani makavu ya mkorosho sawa, maganda hapana. Ukishafanya yote hayo yakifa tena basi mwanangu, yaache yapumzike, tupande vitu vya huku.

Sasa kalenda, hapa ndo watu wa bara wanakosea. Arusha mna mvua mbili, vuli na masika, ua likikosa ile litapata hii. Huku mvua ni moja tu, inaanza Novemba mwishoni au Desemba upepo wa kaskazi ukishaingia, inakwenda mpaka Aprili, inamwaga kama milimita 1,000 hivi afu inafunga bomba. Miezi sita na zaidi ya ukavu, na kusi inapiga. Mtu aliyezoea kwamba maua yanafuata mvua akikaa huku kuanzia Juni mpaka Novemba anaona nchi imekufa, kumbe miti yetu mingi inachanua kwenye ukavu huo huo, tena mingine inaangusha majani kwanza ili nyuki na ndege waone ua toka mbali bila kuzibwa. Mvua ikija ni zamu ya vile vya chini, vya viazi na vya kutambaa. Kwahiyo kiangazi tazama juu, masika tazama chini. Ukilishika hilo hutakaa Mtwara mwezi mmoja bila ua.

Haya, mikorosho. Ua kubwa la msimu Mtwara na Lindi ni la mkorosho na hakuna mtu analiita ua, linaitwa hela. Kuanzia Juni mpaka mwezi huu wa tisa mashamba yote yanachanua, vishada vya vimaua vidogo vyeupe vyenye mistari ya waridi, kila kimoja kadiri kinavyozeeka kinazidi kuwa chekundu, kwahiyo kwenye kishada kimoja unakuta rangi tatu. Na harufu! Simama chini ya mkorosho uliochanua saa tatu asubuhi jua likianza kupasha, tamu, nzito, kama asali iliyochanganywa na kitu kingine sikijui jina. Kwenye kishada hicho hicho kuna maua dume matupu, ndo mengi, na kuna yenye dume na jike pamoja, hayo ndo yanafunga korosho, watoto wakiwa na kioo cha kukuzia watatofautisha wenyewe. Ila omba ruhusa kwa mwenye shamba na umuulize siku gani anapuliza salfa, maana wakati wa maua ndo ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, unapanda, na watu wanapuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia na umande upo kwenye majani, ukiingia na watoto muda ule mtatoka macho mekundu mnakohoa. Mwaka huu mmeshachelewa kidogo, ya mwishomwisho mnaweza mkayawahi wiki hii.

Na miembe nayo ni miezi hiyo hiyo ya kipupwe, ila ua la mwembe mi halinivutii. Mwamba-ngoma ndo wa kutafuta, hauna jani hata moja, miiba mpaka shinani, afu juu umebeba mataa mekundu, ndege wale chozi wanagombania humo utafikiri sokoni.

Mwezi huu na ujao, kama mna safari ya Masasi msilale kwenye basi. Mtumbati, ambao nyie mnauita mninga, unachanua kabla ya mvua, mti mzima njano ya kukoza, wiki mbili tatu tu umemwaga, na chini unakuta zulia. Mkundekunde nao njano, ila vishada vyake vinaning'inia vimelegea na maganda marefu kama fimbo yapo palepale toka mwaka jana, hivyo ndo utautofautisha hata kwenye mwendo. Mkipita Masasi kuelekea Mangaka na Tunduru ndo mnaingia kwenye miombo yenyewe, na miombo Septemba inatoa majani mapya mekundu, ya shaba, ya pinki, msitu mzima unageuka rangi kabla ya kuwa kijani. Si maua, najua, lakini mtu ambaye anasafiri kuona jakaranda ambayo ni ya kuletwa toka Amerika ya Kusini akaacha kuona hii, sina cha kumwambia. Wengine watakutajia Kitulo kule Nyanda za Juu, ndiyo, ni hifadhi ya taifa toka 2005 na watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake, siku mkipata likizo nendeni, Januari au Februari. Ila huna haja ya kusubiri Kitulo.

Mbuyu sasa. Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo ninaoupenda kuliko yote. Barabara ya Mikindani mnapita mibuyu kila siku, nani kawahi kuliona ua lake likiwa mtini limefunguka? Wachache sana, kwasababu linafunguka jioni jua likizama na kesho yake limeshakufa. Oktoba, Novemba, mpaka Desemba mvua zikianza. Ujanja wake ni huu, asubuhi mkiwa mnakwenda shule angalia chini ya mbuyu, ukiona maua ya kahawia yamelala chini kama vitambaa vilivyolowa, ujue usiku uliopita kulikuwa na sherehe, na jioni yake itakuwepo nyingine. Rudini saa kumi na moja unusu, kabla jua halijazama, mchague chipukizi moja nene la kijani linaloning'inia chini chini, kama ngumi ya mtoto, mlikodolee macho wala msihame. Linapasuka mbele yenu. Petali nyeupe zinajikunja kurudi nyuma na katikati linabaki rundo la nyuzi kama brashi ya kunyolea. Mkikaa mpaka giza liingie popo wanaanza kuja, na komba nao, wanalamba utomvu mtamu huku wanajipaka ungaunga na kuupeleka mti mwingine. Harufu yake usiitegemee kuwa ya asumini, inanuka uchachu, wapo wanaosema kama kabichi iliyolala, ndo popo wanavyopenda. Tochi mnaweza mkawa nayo ila msiwamulike popo usoni. Jirani zako watakwambia mbuyu usiku una wenyewe, we wasikilize kwa adabu, piga hodi, kaa. Mi bibi yangu alikuwa anapiga hodi na nikienda na wajukuu napiga mpaka leo, hainigharimu kitu.

Mkrismasi unaufahamu, huo wa mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili, mji mzima mwekundu. Asili yake Madagaska, ng'ambo hapo tu ya maji. Kama una nia ya kuupanda nyumbani nakusihi usiuweke karibu na nyumba, mizizi yake inatambaa juujuu inapasua sakafu na matawi ni mepesi kukatika, mita nane au kumi toka ukutani ndo salama. Mpingo nao, mti wenu wa vinyago, wiki za mvua za kwanza unatoa vimaua vyeupe vidogo vya harufu nzuri, ukipita Kilwa au vijiji vya Lindi vijijini utavikuta, ila huna muda mrefu, siku chache.

Mvua ya kwanza kubwa ikishapiga geuza macho uangalie chini. Siku kadhaa tu baadaye kwenye vichaka, chini ya miti, hata kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, inatoka mipira myekundu, ua moja limekaa kama brashi ya duara ukubwa wa chungwa au zaidi, limesimama peke yake hata majani bado. Hilo linatoka kwenye kitunguu kilicholala chini miezi yote ya ukavu. Januari, Februari linakuja lingine linalopanda kwa kushikilia wenzake na ncha za majani yake, petali zimeinuka juu kama ndimi za moto, njano na nyekundu, wenye bustani wanaliita gloriosa. Yote mawili ni sumu, hilo la pili ni sumu mbaya hasa, na mzizi wake ni kiazi kirefu. Huku watoto wanachimba ming'oko, viazi vya porini vya kula, na wako watataka kuchimba na wenzao. Waambie mapema, kiazi cha mche ambao mtu mzima hajautambua hakiliwi, wala hakionjwi. Ua waangalie, mpige picha, muache. Na msing'oe kuleta nyumbani, mi nimefanya huo ujinga nikiwa kijana, nilikuja na kapu zima toka msitu wa Rondo kule Lindi, vyote vikaoza viriba vikiwa vimejaa maji. Rondo siku hizi ni hifadhi ya mazingira asilia, mkitaka kuingia pitieni kwa watu wa misitu kwanza.

Ufukweni msisahau mlakasa, ule unaotambaa kwenye mchanga na ua la zambarau umbo la tarumbeta. Nendeni asubuhi, mchana ushasinyaa. Na mwezi wa nne, wa tano, kama mna ndugu Nachingwea au Ruangwa ombeni kwenda, ufuta unakuwa kwenye maua, vikengele vyeupe vyenye pinki kwa mbali, shamba baada ya shamba, nyuki wanavuma mpaka unasikia toka barabarani. Mbaazi zinafuata, njano.

Nyumbani kwako sasa, maana naona umenivumilia. Na Shangani yenu ya mchanga na chumvi panda bogenvilia unayo tayari, panda vinka, ile ya vimaua vya pinki na nyeupe ambayo haiogopi jua wala mchanga, panda franjipani, panda alamanda ukutani. Franjipani ni ya tawi tu, lakini tawi ukilikata liache kivulini wiki nzima lidondoke utomvu likauke kidonda ndo ulipande, ukilisokomeza bichi linaoza. Kiangazi litapukutisha majani yote ubaki na mikono mitupu, usiling'oe ukadhani limekufa. Harufu yake inakolea usiku na inawadanganya nondo, wanakuja wanachovya ulimi hawakuti kitu, lile ua halina asali kabisa. Choya panda Desemba na mvua, ikifika siku za kupungua, Mei hivi, inachanua, na mnapata na juisi.

Ila kama ungeniuliza nipande kimoja ningekwambia asumini. Huo ndo wa pwani, tena unapenda joto letu. Jua, samadi, maji ya wastani yasiyo na chumvi kali, na kila ukimaliza kuchuma mkupuo mmoja unakata ncha ili utoe mwingine. Kuchuma ni alasiri vikiwa bado vimefumba vyeupe, maana vinafunguka magharibi, ukingoja vifunguke umechelewa. Vifunge kwenye kitambaa kibichi. Halafu mtafute mama yeyote wa Mikindani akufundishe kufunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, na rehani ndani, na langilangi kama kuna mwenye mti, siku ya Ijumaa au ya harusi unabandika kifuani. Umri wangu huu na bado nikipita pahala pana kikuba nageuka.

Nimebakisha kitu kimoja cha kukuonya kwasababu una watoto. Mwezi wa nne na wa tano kwenye vichaka vya pembeni mwa mashamba utaona mtambazi wenye vishada vya zambarau iliyokolea, vinaning'inia, vizuri mno, mtu mgeni anataka kuvikata aweke kwenye chupa. Huo ni upupu. Ua halina neno, ni yale maganda yake yenye manyoya ya dhahabu yanayokuja baadaye, upepo tu wa Juni unayapeperusha. Mtoto akiguswa asijikune wala asisugue na maji, chukua solotepu ubandike pale panapowasha uvute, ubandike tena kipande kipya uvute, mpaka manyoya yatoke, ndo umwogeshe. Na zile nguo zifue peke yake, usizichanganye na za wengine kwenye beseni.